Benchi Nje ya Geti

Tarehe 4 Februari

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama Mdogo kabla hajaanza kuisoma barua hii juu ya bega lako. Mimi ni mzima, ukiacha magoti. Natumaini karakana inakwenda vizuri, na kwamba yule mteja wa kabati ameamua hatimaye anataka milango mingapi. Huku kazini tumeletewa mkuu mpya wa masjala, mama mmoja mpole mwenye miwani mbili anazozivaa kwa zamu, na kila mara anayoitafuta ndiyo iliyo usoni.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hukaa ndani ya kopo la misumari, na kwa sababu jambo lenyewe nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, na kila nikifika katikati najikuta nakuulizia hali ya hewa.

Nataka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Daktari ataondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuacha kipande chembamba, chembamba kiasi kwamba nitashiba kwa vijiko vichache. Usidhani ni urembo. Sukari yangu imepanda, pumzi hunikatika nikiwa usingizini, na jirani yangu ameacha kugonga ukuta kwa sababu amezoea mkoromo. Isitoshe, njia kati ya rafu za masjala ni nyembamba, nami sipiti. Nasimama mwanzoni mwa rafu na kumwelekeza tarishi: la tatu, hapana, lililo chini yake. Nimekuwa karani wa mafaili ambaye hawezi kuyafikia mafaili.

Sasa ndipo penye ugumu. Hospitali haimpasui mtu kama mimi mpaka awe na ndugu mmoja atakayefundishwa na nesi pamoja naye, atakayekuwepo siku yenyewe, na atakayekaa naye nyumbani wiki za mwanzo. Mama alitangulia nikiwa mchanga, Baba unajua. Sina mwingine. Najua pia habari ya geti. Tangu Baba aingie hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na wewe ukamtengenezea jeneza kwa mikono yako, hujavuka geti la hospitali yoyote wala hujapokea oda ya jeneza. Hata msumeno ulipokukata kidole, mganga wa zahanati aliitwa akakushonea karakanani, juu ya meza ya kurandia. Kwa hiyo siombi kama mtu asiyejua anachoomba.

Nauliza tu: utakuja?

Mwanao,
Karani

*

Tarehe 2 Machi

Mwanangu Boriti,

Marahaba. Mama Mdogo wako hakuisoma barua juu ya bega langu. Aliichukua kabisa, akaenda nayo jikoni, akalia kidogo, akarudi kuuliza tumbo la mtoto wake limemkosea nani. Nikamwambia si kosa, ni nafasi. Hajanielewa na mimi sijajielewa.

Huku sote wazima. Yule mteja wa kabati sasa hataki mlango hata mmoja, anataka pazia. Nimemwambia aende kwa fundi cherehani. Binti yangu mdogo wa hapa nyumbani, dada yako, ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi bila kukusudia.

Kile kiti chako cha ofisini nilichokipigia miguu sita, bado kinasimama? Ukiona kinalia, paka sabuni kwenye viungo. Na kitanda? Nilikiwekea chaga za mbao ngumu. Hicho hakivunjiki hata ukikaribisha ofisi nzima.

Kuhusu huyo daktari, muulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Akishakikata kile kipande, anakipeleka wapi? Mimi vipande vyangu huwa natengenezea vigoda.

Naona karatasi imeisha.

Ni mimi,
Baba yako Mdogo

*

Tarehe 11 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mluzi. Mwambie dada yangu autunze, huku mjini watu wanalipia kuusikia.

Kiti kinasimama. Kipande wanakipeleka maabara. Nimemuuliza daktari kama ulivyoagiza, akavua miwani akanitazama muda mrefu kisha akaandika kitu. Na karatasi haikuwa imeisha, Baba Mdogo. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Mimi ni karani, mambo hayo ndiyo kazi yangu.

Nimepangiwa katikati ya Aprili. Kabla ya hapo kuna kipindi cha vinywaji tu, ili ini lisinyae na daktari apate pa kupita. Nimeanza mazoezi mapema. Natafuna kila tonge mpaka linapotea lenyewe, na wenzangu wa meza ya mchana wananiuliza kama nimeng'oa meno. Zamani sahani zao zote zilikuwa zikiishia kwangu. Anayeshindwa kumaliza ananisukumia bila hata kuniangalia, kama mtu anayetupa karatasi kwenye pipa alilolizoea. Juzi nilisema nimeshiba. Mmoja akanishika paji la uso.

Nesi wetu tumembatiza Nesi Kijiko. Hutembea na kijiko cha chai mfukoni, na mgonjwa akianza kumweleza anavyopenda kula, anakitoa anakiweka mezani bila neno. Ni mkali lakini mkono wake mwepesi. Kila nikienda ananiuliza ndugu yangu yuko wapi. Nimemwambia yuko njiani. Amesema hiyo njia ni ndefu.

Sitaki kukuficha: naogopa. Nikiwa kazini nakwenda vizuri, halafu naona tu mtu anafunga faili kwa kamba, na nawaza nami nitakavyoshonwa. Naogopa kulazwa usingizi wa dawa nisiamke. Wanasema si jambo la kawaida kutokea, nami nimewaamini, lakini miguu yangu haijawaamini.

Bado nauliza lile la mwezi uliopita.

Mwanao,
Karani

*

Tarehe 29 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua yangu ya mwisho ilifika na kwamba kimya chako ni cha kazi nyingi.

Nilizungumza na Mama Mdogo kwa simu. Hakuwa na nia ya kuniambia, ilimtoka tu, katikati ya habari za mwalimu wa dada yangu. Amesema umenunua mbao pana, ndefu, za bei ambayo hujawahi kununulia mteja. Amesema ulichukua suruali yangu ya zamani ukaitandika sakafuni ukaipima urefu, ukajumlisha na kitu kichwani mwako. Amesema unafunga mlango wa karakana ukifanya kazi, wewe ambaye hata mvua ikinyesha unaacha wazi ili uwaone wapita njia na kuwatania. Na kwamba akikuuliza unajibu, "Ni ya mtoto."

Baba Mdogo, mimi ni mtu mzima. Nimesoma, najua kila mtu hujiandaa kwa namna yake, na fundi hujiandaa kwa mbao. Sikulaumu. Kama umeona ni vema kiwe tayari, basi na kiwe tayari. Ninachoomba ni adabu moja tu: kisiletwe kabla. Chumba changu ni kidogo, nami sitaweza kulala nacho nikikitazama.

Na upunguze upana. Daktari anatarajia nitapungua.

Mwanao,
Karani

*

Tarehe 3 Aprili

Mwanangu Boriti,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu niiweke akiba.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kisha nikamwita Mama Mdogo wako akaisoma kwa sauti, akafika pale pa "upunguze upana", akashindwa. Amecheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika, akasema tumemwua mtoto kwa mdomo wake yeye. Hajaniongelesha tangu asubuhi isipokuwa kuniambia nikuandikie haraka.

Mtoto we. Ni kitanda.

Nilimwendea mganga wa zahanati nikamuuliza mtu aliyekatwa tumbo analalaje. Akasema kwa siku za mwanzo asilale bapa, ainuliwe kichwa na kifua, na akiamka asijikunje. Nikafikiri kile kitanda chako nilichokutengenezea: kizuri, lakini bapa kama ubao wa shule. Basi natengeneza kingine. Upande wa kichwani unainuka kwa meno niliyoyachonga kwenye mbao, unachagua mwenyewe kimo, na ubavuni kuna mpini wa kushikia unapoamka. Nilifunga mlango kwa sababu meno yalinishinda mara mbili, sikutaka wapita njia waone. Urefu niliujumlisha kwa sababu chini yake kinachomoka kingine chembamba, cha kulala mimi.

Cha kulala mimi, umesoma? Sasa jibu umelipata. Nilikuwa nalitengeneza. Mdomo wangu haukuwa tayari, nikatanguliza mikono.

Nitapanda basi wiki moja kabla, mbao zikiwa juu yake. Kondakta nimeshaongea naye. Nyumbani kwako nitakaa mpaka unifukuze. Hayo ya kuingia ndani ya ile nyumba nyeupe, tutayaona hukohuko.

Baba yako Mdogo

*

Tarehe 20 Mei

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Hata jirani ameuliza yule mzee wa nyundo amekwenda wapi. Mwambie Mama Mdogo vile vikombe vidogo alivyokupa uje navyo ndivyo ninavyotumia mpaka leo, na kwamba nimeongea na dada yangu kwa simu, meno yameota na mluzi umeisha, pole yake.

Kitanda kinafanya kazi. Nimeshakishusha meno mawili. Rafiki zangu wa ofisini wakija kunitazama, wananisalimia haraka kisha wanapiga magoti kutazama kinavyoinuka.

Sikukushukuru vizuri ulipokuwa hapa, kwa kuwa kila nilipoanza ulikuwa unatafuta kitu cha kugongelea. Basi naandika. Asante kwa supu uliyokuwa ukiichuja mara mbili. Asante kwa kunitembeza kibarazani kama mtoto anayejifunza, ukiniambia hadithi za wateja wako ili nisihesabu hatua. Asante hata kwa lile somo. Nesi Kijiko anasimulia mpaka leo. Alivyokusubiri darasani, akachoka, akatoka nje mwenyewe na vifaa vyake, akakufundishia kwenye benchi la nje ya geti. Uliuliza maswali mengi kiasi kwamba mlinzi naye alifuzu. Siku hizi anatafuna taratibu na hanywi maji akila.

Nilipoamka baada ya upasuaji, wa kwanza kumwona alikuwa yeye. Aliniambia baba yangu yuko benchi la nje tangu alfajiri na amekataa hata chai. Nilisema ndiyo, ndivyo alivyo.

Kazini nimerudi. Suruali nafunga kwa mkanda ulioutoboa kwa msumari. Najifunza. Nakula vijiko vichache vya vitu vilivyopondwa, nameza vidonge vyangu vya vitamini, nakunywa kidogokidogo kutwa nzima. Nakuwa mwangalifu sana.

Mwanao,
Karani

*

Tarehe 12 Juni

Mwanangu Fito,

Ndiyo, jina nimebadilisha. Boriti alikuwa mwingine.

Marahaba. Huku sote wazima, na mteja wa kabati amerudi, pazia limemchosha. Nimemwekea milango minne kwa hasira.

Mama Mdogo wako anataka kujua unakula nini hasa. Mimi nimemwambia vijiko. Anasema kijiko ni chombo, yeye anauliza chakula. Mjibu. Nami nataka kujua kama umeshapita kati ya zile rafu. Na wale wenzako wa meza ya mchana, sasa sahani zao zinamalizwa na nani?

Mganga wa zahanati anasema nywele zinaweza kupukutika kwa muda miezi ya mbele, usishtuke, zinarudi. Zisiporudi, nami sina, tutafanana.

Andika mapema.

Baba yako Mdogo

*

Tarehe 25 Julai

Kwako Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe pamoja na familia yote hamjambo. Mimi pia sijambo.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi ni nyingi. Mkuu wa masjala ni mzima. Hali ya hewa ni nzuri. Uzito unaendelea kupungua kama inavyotakiwa, pengine kwa kasi zaidi kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo bila shaka ni zuri.

Msalimie Mama Mdogo. Mwambie asiwe na wasiwasi juu ya chakula.

Wako mtiifu,
Karani

*

Tarehe 2 Agosti

Fito,

Barua yako ina hali ya hewa na haina chakula. Haina rafu, haina wenzako, haina hata jirani. Umeniandikia kama unavyomwandikia mtu aliyeomba nakala ya cheti.

Hii naituma kwa kondakta. Akiichelewesha nitafika kabla yake.

Baba Mdogo

*

Tarehe 30 Agosti

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo, na Mama Mdogo shikamoo, na dada yangu hujambo. Barua yako ilifika siku mbili baada yako.

Ulipoondoka juzi hatukuongea lililotokea. Ulisema basi halingoji. Basi lilikaa pale kituoni mpaka ukamaliza kumweleza dereva habari za viti vyake. Kwa hiyo naliandika mimi, kwa utaratibu wake, maana nikiliacha litakaa kichwani kama faili lisilo na rafu.

Waliniambia nile taratibu na niache mara ninapohisi nimeshiba. Nami nikawaza, kama kiasi hicho ni salama, nusu yake ni salama zaidi. Waliniambia ninywe kidogokidogo. Nikafanya kidogo kiwe kidogo zaidi. Kila nilipomeza niliona mshono unafumuka ndani. Nilianza kujitenga mchana, nikisema nina kazi, nikikaa masjala na kikombe kile kimoja mpaka jioni. Kichwa kikawa chepesi, miguu ikawa ya kuazima. Uliponikuta nimeinamia meza sikuwa nasoma, ingawa nilikuambia nasoma. Hukubishana. Uliniinua kama unavyoinua dirisha, ukaita teksi.

Najua ulivyonifikisha getini. Najua nilikabidhiwa kwa wahudumu na kile kitanda cha magurudumu, nami nikakuona unabaki kando ya lile benchi, mkono mmoja juu ya mgongo wake. Sikukulaumu, Baba Mdogo. Nilijiambia hapo ndipo mahali pako, na mtu kukungoja nje si jambo dogo. Walinitundikia dripu, nikafumba macho. Niliogopa kuliko siku ya upasuaji, kwa sababu siku ile nilikuwa nimefuata maagizo, na safari hii nilikuwa nimeyaharibu mwenyewe.

Halafu nikasikia viatu vyako. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, uso una rangi ya vumbi la mbao. Ulitazama vitanda vyote kabla ya kunitazama mimi. Ukaja ukasema, "Sogeza miguu nikae."

Nikasogeza. Nilihisi godoro likitetemeka, nikadhani ni mimi.

Nesi Kijiko alipokuja hakutoa kijiko chake. Aliniambia, "Sheria zangu zinatosha. Nani kakutuma uziongezee zako?" Akaeleza kwamba mshono umepona zamani, kwamba tumbo langu linaweza kupokea zaidi ya ninavyolilisha, na kwamba aliyepasuliwa kama mimi akiacha kunywa huangushwa na kiu kabla njaa haijafika. Kisha akakugeukia, akasema amefurahi kukuona ndani. Ukamjibu kwamba wewe hukuja kuonekana. Kila alipogeuka ulikuwa unanisogezea kikombe.

Sasa unataka chakula, nakupa chakula. Asubuhi yai laini. Mchana samaki na mboga zilizoiva sana, kwenye bakuli dogo, mezani, na wenzangu. Nimewaeleza yote, mwanzo hadi mwisho. Waliniambia wao walidhani nimewachoka. Sahani zao sasa wanamaliza wenyewe na wawili wameanza kulalamika suruali zinabana.

Na rafu nimepita. Tarishi hakuwepo, faili lilitakiwa, nikaingia. Niliingia kiubavu, kwa mazoea, mikono nimeibana. Nikafika katikati ndipo nikagundua kwamba nafasi imebaki pande zote mbili. Nikakaa humo kidogo bila sababu. Mkuu wa masjala akaniita kuuliza kama sijaliona. Nikamwambia nimeliona, nalisoma tu jina lake.

Mwezi wa kumi nina kliniki. Sikuulizi kitu. Nakupa habari tu.

Mwanao,
Fito

*

Tarehe 9 Septemba

Mwanangu Fito,

Marahaba. Barua yako tumeisoma sote, safari hii nilisoma mimi na Mama Mdogo wako akawa juu ya bega. Alipofika kwenye yai akasema sasa atalala. Dada yako anauliza kama ile dripu ina ladha.

Hayo mengine uliyoyaandika nimeyaona. Umeyapanga vizuri, yaache hapo ulipoyapanga.

Kuna jambo moja linanisumbua tangu siku ile. Mlango wa ile wodi yenu. Bawaba ya juu imelegea, ndiyo maana unakwaruza sakafu upande wa kitasa, na kila mtu anayeingia anausukuma kwa bega. Nilipousukuma mimi uligoma. Nilisimama pale nje nikifikiri ni mikono yangu imekataa, kumbe ni mlango. Mtu aliyetoka mbali kumwona mgonjwa wake hapaswi kukutana na mlango wa namna hiyo.

Mwambie Nesi Kijiko wasiite fundi mwingine, watauharibu. Mwezi wa kumi nakuja na bisibisi na skrubu ndefu. Wewe utakuwa unapimwa huko kwa daktari. Ukimaliza usinitafute kwenye benchi.

Baba yako Mdogo